Jua la Ziwani na Kazi ya Ngozi

Popote uliko, iwe umefungua redio dukani Kibuye, jikoni Kondele au ndani ya mashua karibu na Rusinga, nakukaribisha tuzungumze juu ya kitu ulichonacho mwilini saa hii hii: ngozi yako, na namna inavyobadilika rangi juani.

Wapo wanaodhani jambo hili ni la wazungu. Huwaona watalii wakipanda mashua Dunga wakiwa weupe na kushuka wakiwa wekundu, wakasema sisi tumeumbwa hivi hivi, jua halina la kutuongezea. Si kweli. Mwombe mvuvi yeyote avue saa ya mkononi. Chini ya mkanda utakuta rangi ya maji ya kunde, na upana wa kidole tu kutoka hapo, mkono ni mweusi tititi. Mwangalie dereva wa matatu anayekwenda Busia kila siku: mkono wake wa kulia, ule unaokaa dirishani, umekoza kuliko wa kushoto. Na mwanafunzi aliyekwenda Nyakach likizo kuwasaidia wazee kupalilia, akirudi mjini wenzake humpokea kwa neno lile lile: mbona umeungua hivyo?

Ameungua kweli. Hilo ndilo ninalotaka tulielewe leo, kwamba weusi ule wa jua ni kazi ambayo mwili umefanya baada ya kuumizwa, tena kazi ngumu inayostahili heshima.

Tuanze na jua lenyewe. Mstari wa ikweta unapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka hapa mjini Kisumu. Kwa hiyo jua letu halina msimu wa kupumzika kama la Ulaya. Mwezi Machi na mwezi Septemba hupita utosini kabisa, na hata Juni au Desemba, linapojitenga nasi zaidi, bado adhuhuri liko juu sana. Kisumu iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda, miale inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja imepungua. Mtu wa Mombasa anaweza kutokwa na jasho zaidi yako, lakini wewe unapigwa na miale mikali kuliko yeye. Joto na miale hiyo ni vitu viwili tofauti. Upepo wa ziwani ukikupoza uso, ngozi inaendelea kuungua bila wewe kujua.

Miale ninayoisema huitwa urujuanimno. Jicho la binadamu haliioni. Ipo ya aina mbili inayotufikia ardhini: ile ya mawimbi marefu, inayoitwa UVA, ambayo ndiyo nyingi mno, na ile ya mawimbi mafupi, UVB, ambayo ni kidogo lakini ina nguvu zaidi ya kudhuru. Kioo cha kawaida cha gari huzuia sehemu kubwa ya UVB na kuiachia UVA ipite. Wataalamu wana kipimo cha kimataifa cha miale hii. Kikifika 11 huhesabiwa kuwa cha hatari kupindukia. Adhuhuri ya anga safi hapa Kisumu hufika hapo na kupita katika miezi mingi ya mwaka. Na kumbuka kwamba adhuhuri ya jua siyo saa sita kamili ya saa zetu. Sisi tuko magharibi ya nchi, kwa hiyo jua linatufikia utosini karibu saa saba kasorobo. Anayeingia juani saa saba akidhani makali yamepita, ameingia katikati yake.

Kuhusu maji, nataka nirekebishe jambo moja linalosemwa sana. Husemwa kwamba mvuvi huungua kwa sababu ziwa linamrudishia jua kama kioo. Kwa mwanga unaoumiza macho ni kweli kiasi, lakini kwa miale ya urujuanimno maji hurudisha chini ya asilimia 10 tu. Mchanga mkavu wa ufuoni hurudisha zaidi ya hapo. Kinachomuunguza mvuvi ni anga. Miale hii hutawanywa na hewa, kwa hiyo haishuki kutoka kwenye jua pekee, inashuka kutoka pande zote za mbingu. Aliye katikati ya Ghuba ya Winam hana mti wala ukuta wa kumkinga upande wowote. Mawingu mepesi nayo huipitisha sehemu kubwa.

Sasa tuingie ndani ya ngozi. Ngozi ya juu ina tabaka kadhaa za seli. Katika tabaka la chini kabisa, kati ya seli za kawaida, zimekaa seli chache zenye matawi ziitwazo melanosaiti. Ukichukua kipande cha ngozi cha mahali pale pale mwilini, idadi yake haitofautiani sana kati ya mtu wa Seme, Mhindi wa hapa Kisumu ambaye ukoo wake ulikuja na biashara iliyofuata reli ya mwaka 1901, na mtalii aliyetoka Ujerumani wiki iliyopita. Tofauti iko katika kazi zinazofanya. Melanosaiti hutengeneza rangi iitwayo melanini, huitia katika vifuko vidogo mno, kisha huvisukuma vifuko hivyo kupitia matawi yake hadi ndani ya seli jirani. Kwa mtu mweusi vifuko ni vikubwa, vimejaa rangi nyeusi, vimetawanyika kimoja kimoja, na hudumu hadi tabaka za juu. Kwa mtu mweupe ni vidogo, vimekusanyika mafungu mafungu, na huvunjwavunjwa mapema.

Na vikiingia katika seli jirani havikai ovyo. Hujipanga juu ya kiini cha seli, upande ule jua linakotokea, kama mwavuli uliofunguliwa. Katika kiini ndimo zilimo DNA, maandishi yote ya urithi wa mtu. Mimi kila ninapolifikiria jambo hili hushangaa upya: kitu kisichoonekana kwa macho, kinajua upande wa juu ni upi na kitu cha kulindwa ni kipi.

Kukoza kwa rangi kunatokea mara mbili. Mara ya kwanza ni ndani ya dakika chache. UVA hupiga melanini iliyokuwemo tayari, ikaungana na oksijeni na kuwa nyeusi zaidi. Hapo hakuna rangi mpya iliyotengenezwa, na hakuna kinga iliyoongezeka. Baada ya saa kadhaa au siku moja hivi weusi huo hufifia. Kwa ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana, hasa ule wa buluu na zambarau, unaweza kuikoza ngozi kwa muda mrefu. Ndiyo maana kovu dogo la chunusi shavuni huacha alama nyeusi inayokataa kuondoka kwa mtu anayeshinda juani.

Mara ya pili ndiyo ya kazi. UVB huingia katika seli na kuvuruga DNA. Seli iliyoumia huamsha protini iitwayo p53, ambayo ni mlinzi anayezuia seli yenye hitilafu isizaliane ovyo. Mlinzi huyo huanzisha mambo mawili. Hutoa nafasi ya kukarabati kilichovunjika, na hutuma ujumbe wa homoni kwa melanosaiti jirani. Melanosaiti ina mlango maalumu wa kupokea ujumbe huo, unaojulikana kwa jina la MC1R. Ujumbe ukipokelewa, kimeng'enya kiitwacho tairosinesi huongezeka, na utengenezaji wa melanini huanza kwa bidii. Siku mbili tatu baadaye mtu hujitazama kwenye kioo akaona amekoza. Rangi hiyo hukaa majuma kadhaa, mpaka seli zilizoibeba zipande juu, zife na kupukutika.

Watu wengi wenye nywele nyekundu na mabaka madogo usoni, kama baadhi ya Waskoti na Wairishi, mlango wao wa MC1R una kasoro. Ujumbe unafika lakini haufanyi kazi ipasavyo. Huwa wekundu, wanabambuka, wala hawakozi. Usimcheke mgeni wa namna hiyo ukimwona Dunga, mpe kofia.

Je, ngozi yetu inatukinga kiasi gani? Watafiti wa Marekani walipopima mwaka 1979, kwa kipimo kile kile kinachoandikwa kwenye chupa za losheni ya jua, waliona ngozi ya juu ya mtu mweusi inakinga kiasi cha 13, na ya mzungu kiasi cha 3. Kinga ya 13 ni kubwa. Imetuepusha na sehemu kubwa ya saratani za ngozi zinazowasumbua wazungu wa Australia. Lakini ina kikomo, na midomo, macho na viganja havina ulinzi huo kwa kiasi hicho. Waangalie wavuvi wazee wa Usenge au Mbita, ndani ya macho yao: wengi wana kinyama kilichoota juu ya weupe wa jicho kikielekea kwenye mboni. Miaka mingi ya jua ni miongoni mwa sababu zake kubwa.

Na hapa nataka tuwatazame akina mama. Tukisema uvuvi, picha inayotujia ni ya mwanamume mashuani. Lakini omena huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na za sola. Mwanamume anarudi alfajiri, anauza mzigo, anakwenda kulala. Anayebaki na jua ni mama. Yeye ndiye anayetandaza omena juu ya nyavu kuukuu, anayewageuza, anayefukuza yangeyange, anayechungulia mawingu yasije yakanyesha na kuozesha mtaji wake. Anataka jua kali, kwa sababu jua kali hukausha omena kwa siku moja, na omena aliyekauka vizuri ndiye anayepata bei. Kwa hiyo analiomba jua lile lile linalomchoma mgongo na shingo akiwa ameinama, tena mara nyingi akiwa na mtoto ubavuni. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, ufuo mzima hauna kivuli ila cha mashua zilizopinduliwa.

Nasema wazi: hili tungeweza kulirekebisha kitambo. Kamati za usimamizi wa fuo, zile tunazoziita BMU, zipo katika kaunti zote tano za ziwani, Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Zinakusanya ada. Banda la makuti au mabati, lililo wazi pande zote, kando ya eneo la kuanikia, ni kazi ya siku chache. Omena akae juani, mwenye omena akae kivulini akimwangalia. Miti nayo ipandwe pale inapofaa. Sioni sababu ya jambo dogo namna hii kungojea mfadhili.

Tugeuke kidogo nyuma, nyuma sana, maana ufuo huu una habari ndefu. Pale Nyayanga, katika rasi ya Homa, watafiti walifukua zana za mawe na mifupa ya viboko waliochinjwa kwa zana hizo, na walipotangaza matokeo yao mwaka 2023 walikadiria umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Viumbe wa ukoo wa binadamu walikuwa wakila nyama hapa kabla ya kuwapo mtu anayefanana na wewe au mimi. Wataalamu wengi wanaamini kwamba wahenga wa mbali kiasi hicho walikuwa na manyoya mengi, na chini ya manyoya ngozi isiyo nyeusi, kama sokwe alivyo hadi leo. Walipoanza kutembea mbali juani na kuhitaji kupoza mwili kwa jasho, manyoya yalipungua, na ngozi ikabaki wazi chini ya jua la ikweta. Hapo ndipo weusi ulipokuwa suala la kuishi au kutoweka. Uchunguzi wa jeni ile ya MC1R, uliochapishwa mwaka 2004, unaonyesha kwamba ngozi nyeusi ilikuwa imeshaimarika Afrika angalau miaka milioni 1.2 iliyopita.

Kwa nini hasa? Mwaka 2000, watafiti Nina Jablonski na George Chaplin walitoa hoja ambayo imepata nguvu tangu wakati huo: jua kali huharibu foleti, vitamini ambayo mama mjamzito huihitaji ili uti wa mgongo wa mtoto ujengeke vyema. Ngozi nyeusi huilinda. Waliohamia kaskazini kwenye jua hafifu walikuwa na shida ya upande wa pili, maana mwili unahitaji UVB kiasi ili kutengeneza vitamini D, na huko weusi mwingi ulikuwa kizuizi. Hata hapa kwetu, mtoto anayefungiwa ndani ya chumba cha kupanga siku nzima anaweza kupata matege, jua likiwa limejaa nje. Mtoe asubuhi.

Kisha mwaka 2017 kundi la Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilichapisha vipimo vya rangi ya ngozi vya zaidi ya watu 2,000 kutoka Ethiopia, Tanzania na Botswana. Walikuta kwamba jeni nyingi zinazofanya ngozi iwe nyeupe na zile zinazoifanya iwe nyeusi zimekuwa Afrika kwa muda mrefu sana, baadhi kwa mamia ya maelfu ya miaka. Na miongoni mwa ngozi nyeusi kuliko zote walizopima zilikuwa za wafugaji wanaozungumza lugha za Kinailo-Sahara, jamii ile kubwa ya lugha ambamo Kiluo kimo. Weusi wa mtu wa Nyanza ni urithi uliopimwa na kupepetwa na jua kwa vizazi visivyohesabika.

Ndiyo maana moyo huniuma ninapopita sokoni na kuona makopo ya kung'arisha ngozi yamepangwa mstari wa mbele. Mengi hufanya jambo moja: hukizuia kimeng'enya cha tairosinesi kisifanye kazi. Zebaki inayotiwa humo hufanya hivyo, na haidrokwinoni nayo hufanya hivyo. Mwili unapiga mbiu kwamba DNA imeumia, melanosaiti inataka kuitika, nasi tunaifunga mikono. Tena tunaifunga hapa kwenye ikweta! Mwaka 2001 kundi la daktari Mjapani Masazumi Harada, aliyetumia maisha yake kuchunguza sumu ya zebaki kule Minamata, lilichapisha onyo kwamba kuenea kwa sabuni za kung'arisha ngozi nchini Kenya kunaweza kuleta madhara ya sumu hiyo. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huacha mabaka ya rangi ya samawati iliyochanganyika na nyeusi, ambayo ni vigumu mno kuyatoa. Shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vya namna hii, lakini bado vinauzwa. Dada yangu, kaka yangu, kopo lisiloandika kilichomo ndani liache hapo hapo lilipo.

Nimeliweka mwisho jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote. Wapo ndugu zetu ambao melanosaiti wanazo, za idadi ile ile kama yako, lakini hazina uwezo wa kutengeneza ile melanini nyeusi. Hao ni watu wenye ualbino. Madaktari wa Dar es Salaam waliowaandikisha watu 350 wenye ualbino, na kuchapisha habari zao mwaka 1985, waliona ngozi iliyoharibiwa na jua hata kwa watoto ambao hawajatimiza mwaka, na saratani zilizokomaa kwa vijana wa miaka ya 20. Mwanasayansi Mel Greaves aliandika mwaka 2014 kwamba ushahidi wa namna hii kutoka Afrika unaonyesha jinsi jua lilivyoweza kuwaangamiza wahenga wetu kabla hawajawa weusi. Sisi wengine tunaweza kujadili hoja hiyo kwa utulivu. Kwao ni ngozi ya leo, shuleni na sokoni.

Sensa ya mwaka 2019, ya kwanza kuwahesabu, ilipata watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Ni idadi ndogo kwa nchi kama yetu. Losheni ya jua kwa watu wote hao haiwezi kuishinda serikali. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa bila malipo, na kazi iliyobaki ni kuhakikisha losheni hiyo inafika Mfangano na Port Victoria kwa wakati, wala haiishii mijini.

Mwalimu unayenisikia, mtoto mwenye ualbino aruhusiwe kofia pana na mikono mirefu hata kama sare ya shule hairuhusu, akae mbali na dirisha lenye jua, na mchezo wake uwe asubuhi au jioni. Mzazi, angalia kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, mtoto huyo asiwe nje. Kidonda cha ngozi kisichopona kwa mwezi mmoja kipelekwe hospitali, kisisubiri. Na kama nyumbani kwako au kwa jirani yako yupo mtu mwenye ualbino ambaye hajaandikishwa, nenda naye wiki hii kwenye ofisi ya Baraza hilo katika kaunti yako, aandikishwe, na muulize losheni yake itapatikana lini na katika kituo kipi.